Mguu Uliotikisa Kipimo

Hakuna kinachoniudhi kama mtu anayeambiwa atulie, hatulii. Na kazi yangu, katika maabara moja hapa Minneapolis, ilikuwa kupima jinsi misuli inavyokaza na kulegea. Mtu anakaa kitandani, ananyoosha miguu, kifimbo cha mashine kinagusa shavu la mguu wake, na kompyuta inachora mstari. Msuli ukilegea, mstari unanyooka.

Asubuhi ile alijitolea kupimwa Mama Wanjiru, Mkenya anayetunza wazee, kaja kwa mabasi mawili kutoka Columbia Heights siku yake ya mapumziko. Mstari wake ukawa unatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

"Mama, legeza mguu!"

"Nimelegeza, kijana yangu."

"Hujalegeza! Kompyuta haidanganyi."

Nikazima hita, labda ndiyo inayotikisa. Wapi! Nikapima mara ya tano, mstari ule ule. Hapo mimi, Mtanzania niliyelelewa kwa shikamoo, nikamwambia mtu wa rika la mama yangu kwamba anatupotezea muda. Tena nikamwita bosi aje ajionee mwenyewe.

Bosi akasimama nyuma yangu. Mama Wanjiru akainama mbele. Alininyooshea mkono, akaweka kiganja juu ya goti langu lililoegemea kitanda, akalikandamiza, kama mama yangu alivyokuwa akifanya kanisani nilipotikisa benchi zima kwa mguu.

Mstari ukanyooka kama rula.

"Haya," akasema, mkono ungali gotini kwangu. "Sasa pima."