Jubilei Iliyogeuka Matanga

Asmahani, binti wa Shamsi muuza vitenge wa Kasulu mjini, ana duka la kuchapa na kutoa kopi. Msimwone mdogo. Yule binti aliifunza kompyuta adabu mpaka ikawa inapiga magoti kabla ya kuchapa. Nimeiona mimi.

Zamani wachapaji wake kila mmoja alipanga karatasi kwa kichwa chake. Asmahani akabuni alama, mbili mbili kama midomo ya ndege, moja inafungua, nyingine inafunga: jina humo, ndoa humo, watoto humo. Mashine ikiona alama inajua pa kukiweka kitu na maneno ya kukisindikiza. Ukiacha pengo, haichapi, inagoma kama mbuzi mbele ya maji. Na kwa kuwa wateja wengi walitaka wasifu wa kusomwa makaburini, alama alizipanga kwa ajili ya huo.

Basi Melkiadi wa Heru Juu na mkewe Esteri wakafanya jubilei ya ndoa. Mwenyekiti wa kigango akamwambia Asmahani, "Andika wasifu wa mzee. Ukipendeza, karatasi zetu zote ni zako."

Akajaza. Ikabaki alama moja ya tarehe, mashine ikagoma. Akatia siku ya jubilei, akachapa, akafunga bahasha bila kusoma.

Karamuni, Katekista Bazilio akatusomea: "...Mzee wetu Melkiadi ameaga dunia leo. Ameacha mjane, watoto saba na wajukuu. Apumzike kwa amani."

"Amina!" tukaitikia wote, kwa mazoea.

Kugeuka, Melkiadi ana paja la kuku mdomoni! Bibi mmoja asiyeona vizuri akapiga yowe, wanawake wakampokea. Kilio kilifika mpaka kijiji cha Rungwe Mpya, watu wakapanda bodaboda kuja kuzika.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Esteri akashika kichwa. "Bazilio, mjane nani? Huyu si ananikanyaga mguu hapa?"

Asmahani alisimama mlangoni. "Nisameheni wazee wangu. Nimetumia alama za msiba."

"Basi kazi hiyo..." mwenyekiti akaanza, amekunja uso.

"Ngoja," Melkiadi akameza. "Ndoa, watoto, shamba la kahawa, vyote kavipanga sawa?"

"Sawa kabisa," akajibu Bazilio.

"Mpeni kazi. Aliyekufa ni mimi, na sijalalamika."

"Mpeni," Esteri akadakia, "ila wewe mwanangu, kabla ya jina weka alama inayouliza kama mtu anapumua!"

Ameiweka. Juzi nilikwenda kuandikiwa wasifu wangu, binti akaniuliza, uso mkavu: "Bibi, uko hai?"

"Andika ndiyo," nikamwambia, "na usichape mpaka nimesoma, mjukuu wangu."

"Bibi, wewe hujui kusoma."

"Ndiyo maana nimekuja na Esteri."