Shali Juu ya Runinga

Ipo siku moja, mjukuu wangu Sahra, ambayo hunirudia kila nikiona mgeni amekaribishwa ndani na runinga ikaachwa ipige kelele zake. Naikumbuka mpaka rangi ya vikombe. Umeniuliza nikuletee nini katika nyumba yako mpya, na jibu langu ni refu kidogo, kwa hiyo jimiminie chai uketi.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Mimi si adui wa starehe. Nilipokuja kwako juzi nililipenda zulia lako, nikaipenda mito mliyoipanga kuzunguka ukuta, na feni inayozunguka bila kulialia. Niliegemea mto mmoja nikapitiwa na usingizi mpaka mkaja kuniamsha kwa sala ya Alasiri. Na ile tamthilia ya Kituruki, ya mama mkwe mwenye roho mbaya, siikosi hata nikiwa na homa. Wazee wenzangu hupenda kusema kwamba sisi zamani hatukujua anasa. Wanatia chumvi. Tulizijua vizuri sana, ila zilikuwa na namna yake.

Nilipoolewa hapa Garissa, starehe ya nyumba yetu ilikuwa mchana. Unajua jua letu. Adhuhuri ikishaswaliwa maduka yanafungwa, mbuzi wenyewe wanajibana kwenye kivuli cha ukuta, na mtu mwenye akili yuko ndani. Mama mkwe wangu, Dahabo, alikuwa akinyunyiza maji kwenye sakafu ya saruji, anashusha mapazia, anatia ubani kwenye chetezo, kisha anatandika mkeka na mito. Tunalala. Baada ya Alasiri chai inakuja, chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki na tangawizi, pamoja na halwa kama ipo, na bisi kwenye sinia. Hapo ndipo watu walipoanza kuingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia aliulizwa habari.

Usidhani nasema habari za kupitisha tu, hujambo sijambo. Kwetu mgeni akishakunywa maji na chai akashusha pumzi, mwenye nyumba humwambia "warran", lete habari, kisha anakaa kimya na kusikiliza. Mgeni naye ana mpangilio wake. Ataanza na mvua, imenyesha au haikunyesha. Atakuja kwenye malisho, visima, mifugo, bei za sokoni, nani ameoa, nani amezaa. Mambo mazito huyaweka mwisho, kwa sababu habari mbaya haitupwi kwa mtu kama jiwe. Ndugu zetu wa machungani waliishi kwa utaratibu huo, maana mtu mmoja akiulizwa vizuri aliweza kuokoa mifugo ya ukoo mzima. Sisi wa mjini ilikuwa pia burudani yetu. Dahabo alipokuwa akimhoji mtu kutoka Liboi kuhusu ndoa iliyovunjika huko, mwanangu, hakuna tamthilia iliyomfikia.

Basi mume wangu, Adan, babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa na duka la nguo na mambo yalimwendea vizuri. Siku moja akarudi kutoka Nairobi na runinga. Ilikuwa nzito, ilibebwa na wanaume wawili, na antena yake ikafungwa juu ya mti mrefu uani kwetu. Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Adan aliiweka pale pale alipokuwa akikaa mgeni wa heshima, na mito yote ikageuzwa kuielekea. Dahabo alitazama mpangilio ule mpya, akauliza, "Sasa sisi tutatazamana vipi?" Adan akacheka. Nami nilicheka kidogo, kwa kuwa na mimi niliipenda ile runinga.

Sasa ndiyo siku yenyewe. Kulikuwa na mechi ya mpira, sikumbuki nani na nani, na rafiki zake Adan walijaa chumba kizima. Dahabo alikuwa ametoka kwenda kumwona jirani aliyejifungua, nyumba chache kutoka kwetu. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na chupa ya chai. Mara nikasikia salamu mlangoni. Alikuwa Abti Gedi, kaka yake Dahabo, mjomba wa mume wangu, maana abti kwa lugha yetu ni mjomba, aliyekuwa akiishi na mifugo yake upande wa Modogashe. Amevaa kikoi chake na kofia, fimbo mkononi, vumbi la lori limemkaa kwenye nyusi.

Adan alimpokea vizuri, tusimsingizie. Alisimama, akampa mkono, akamwondoa kijana mmoja kwenye mto mzuri kuliko yote na kumketisha mjomba wake hapo, mbele kabisa ya runinga. "Abti, umebahatika, mechi ndiyo imeanza," akamwambia. Nilileta maji, nikaleta chai, nikaleta halwa. Kwa upande wa kula na kunywa hatukukosea hata kidogo.

Abti Gedi alikunywa chai yake taratibu. Akaiweka chini, akauliza, "Dahabo yuko wapi?"

"Yupo hapo jirani, atakuja," Adan akajibu, macho kwenye kioo.

Mzee akangoja aulizwe. Hakuna aliyemwuliza. Akaamua kuanza mwenyewe, jambo ambalo mtu wa namna yake halifanyi ovyo. "Mvua kwetu haikunyesha," akasema. Hapo hapo chumba kizima kikalipuka, watu wamesimama, goli limeingia. Walipokaa, kila mtu alikuwa na maoni yake kuhusu lile goli, na ile mvua ya Modogashe ikawa imepita. Nilimwona mzee akirekebisha kofia yake. Baada ya muda akajaribu tena, akasema visima vimeanza kuwa na chumvi. Adan akamwitikia, "Haye, Abti, haye," lakini kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto asilie.

Sikuipenda sura ya mzee. Nikamnong'oneza Adan kwamba nakwenda kumwita mama yake. Akanishika ukingo wa shali, akaniambia, "Subiri kwanza mapumziko. Ukienda, nani atawamiminia hawa chai?" Nilikuwa bibi arusi wa mwaka wa kwanza, mbele ya wageni, nikarudi jikoni. Kutoka pale nilimsikia Abti Gedi akiaga. Alisema lori alilokuja nalo limeshusha mzigo na linarudi, wala hakuna aliyekuwa amemwonyesha ni jirani yupi. Adan alimsihi abaki alale, na alimsihi kwa moyo, lakini hakunyanyuka kwenye mto wake mpaka mzee alipokuwa amefika mlangoni.

Na hapo langoni, Mungu si wa kulaumiwa kamwe, ndipo Dahabo alipokuwa akiingia.

Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la jikoni na niliwaona na kuwasikia wote wawili. Dahabo hakumwuliza mbona unaondoka. Alimshika mkono, akamvuta kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na akamwambia neno moja, "Warran." Kisha akanyamaza. Mzee akaegemea fimbo yake na akaanza upya kabisa, kana kwamba hakuwahi kuingia ndani. Mvua haikunyesha. Malisho yameisha upande wa magharibi. Visima vina chumvi. Ngamia wengi wako hai, mbuzi wamepungua. Mtoto wa fulani ameoa. Dahabo alikuwa akiitikia kila jambo, "haye, haye", bila kumharakisha, na ndani ya nyumba watu walikuwa wakipiga kelele za mpira. Mwisho mzee akainamisha kichwa.

"Fatuma hajiwezi," akasema. "Hali chakula tena. Amesema nikupeleke kwake."

Fatuma alikuwa dada yao mdogo, kitinda mimba wa kwao. Dahabo ndiye aliyemlea, alimbeba mgongoni wakati wa kuhama akiwa yeye mwenyewe bado mtoto. Hakupiga ukelele. Aliuliza swali moja tu, "Lori liko wapi?" Mzee akamwonyesha upande wa barabara kuu. Hakukuwa na jingine la kwenda Modogashe mpaka kesho kutwa, na simu za mkononi zilikuwa bado hazijatufikia. Dahabo akaondoka na nguo alizovaa. Nilimkimbilia na chupa ya maji na viatu vyake vizuri, akachukua maji akaacha viatu.

Nilirudi ndani nikasimama mbele ya runinga, kati ya wanaume wale wote, jambo ambalo bibi arusi halifanyi. Nikamwambia Adan mama yake amekwenda wapi na kwa nini. Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Alitoka mbio bila kofia. Alipofika barabarani dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini, Dahabo yuko mbele kwa dereva, Abti Gedi yuko juu ya magunia. Adan akashika mlango, akasema, "Abti, mbona hukuniambia?"

Mzee alimtazama kutoka kule juu. Hakuwa na hasira, na Adan alisema baadaye kwamba angeona nafuu kama mzee angemtukana. Alimwambia, "Nilikaa kwenye nyumba ya mtoto wa dada yangu, nikalishwa, nikanyweshwa. Lakini aliyekuwa akizungumza na mimi muda wote ni yule mtu wa ndani ya kioo, na yeye hamjui Fatuma."

Lori likaondoka.

Walifika baada ya sala ya Isha. Fatuma alikuwa hai. Dahabo alitusimulia kwamba dada yake alipomwona alitabasamu, na kwa sauti iliyokaribia kwisha akamwambia, "Warran." Akiwa amelala pale, mgonjwa vile, alitaka kupewa habari za Garissa. Dahabo akampa zote kwa mpangilio wake, mvua, soko, watoto, harusi yangu, jirani aliyejifungua siku ile ile, na hata ile runinga, na Fatuma akacheka kwenye habari ya runinga. Wakawa pamoja usiku ule na kutwa nzima ya siku iliyofuata. Jua lilipokuwa linatua, Fatuma akafariki, kichwa chake kwenye paja la dada yake. Lori la pili lilikuwa lingali Garissa, likipakia.

Nakwambia ukweli, mwanangu, mpaka leo huwa nahesabu umbali uliokuwepo kati ya lile lango na ile barabara. Ingekuwa Dahabo amekaa kwa jirani akanywa kikombe kingine tu, basi wangepishana.

Alipomaliza siku za matanga akarudi. Adan alikuwa amekwisha kuing'oa antena na kuifungia runinga kwenye gunia, anataka kuiuza ili amridhishe mama yake. Dahabo akamwambia aifungue. "Kosa ni la nani, la sanduku?" akamwuliza. Akaamuru mito irudishwe kuzunguka ukuta, watu watazamane, na runinga isogezwe pembeni. Halafu akatoa kwenye kifurushi chake shali ya dada yake, ya kijani yenye maua madogo ya manjano, bado inanuka ubani na moshi wa kuni. Akaifunika nayo runinga.

Tangu siku ile ukawa ndio utaratibu wetu. Mgeni akiingia, hata mpira uwe umefika wapi, mtu wa kwanza kusimama anashusha shali. Mgeni anakunywa, anaulizwa, anasikilizwa mpaka mwisho wa habari zake. Akimaliza na akipenda, shali inaondolewa tunatazama pamoja naye. Adan ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote kuisimamia, na rafiki zake wa mpira walilalamika, kisha wakazoea, kisha nikawaona na wao wana vitambaa majumbani mwao. Runinga ile ilikufa zamani. Zilizoifuata nazo zilikufa. Shali imebaki.

Sasa nakuja kwako. Siku nilipokuja, nililala vizuri, nikala vizuri, na mume wako ni mtoto mwenye adabu. Lakini tulikuwa watu watano kwenye lile zulia zuri na kila mmoja alikuwa na simu yake, na runinga nayo inaongea peke yake kama mgonjwa. Nilikuja na habari, Sahra. Si mbaya, usishtuke. Ng'ombe wa shangazi yako wa Rhamu amezaa mapacha, na mimi daktari ameniambia macho yangu yatafanyiwa upasuaji na nitaona tena vizuri. Nilirudi nazo nyumbani kama nilivyokuja nazo. Sikukasirika. Nilicheka njia nzima, nikisema kumbe Abti Gedi sasa ni mimi.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, wala si ngumu. Pamba nyumba yako. Nunua mto mwingine kama unautaka, washa feni, chemsha chai nzito, tazama tamthilia zako, pumzika, kwa maana mwili una haki yake. Ila mtu akivuka mlango wako, zima kila kinachopiga kelele, weka simu chini kifudifudi, mwulize habari kisha unyamaze. Usimharakishe anapokuwa bado kwenye mvua, maana huenda alichokuja nacho kiko mwisho. Na mume wako akirudi jioni, na yeye mwulize hivyo hivyo, kwa sababu watu wa nyumba moja nao husafiri mchana kutwa.

Zawadi yako iko ndani ya mfuko huu. Imepauka kidogo na pindo moja nimelishona upya, lakini kwa runinga yenu pana kama mlango itatosha ukiikunjua yote. Mungu akujalie nyumba yenye baridi wakati wa jua, wageni wenye habari za heri, na masikio ya kuzipokea hata zile ambazo si za heri. Akupe watoto watakaokuuliza ulikotoka na kungoja jibu. Amina.

Haya, mwanangu, nimemaliza zangu. Warran?