Kibuyu cha Mkono wa Kushoto

Sauti iliyobaki nami ni ya kofi. Kofi moja tu, pa!, la viganja vyako, Kulwa, kila tulipotambua mahali kwenye picha ya zamani.

Hukushangilia wala kupiga kelele. Kofi moja, halafu: "Haya, pamepata jina. Inayofuata."

Akili yangu inajua kwamba tulikuzika Jumamosi, nyumbani kwenu Tinde. Mikono yangu bado haijui. Leo asubuhi ilifungua simu, ikaanza kukutumia picha.

Ndugu mnaofuata ukurasa wetu wa picha za reli, mmeuliza nini kimetokea. Ni homa, ya siku chache tu. Namba ya Kulwa iliita, nikapokea kwa utani: "Bosi wa Isaka, leo umekumbuka watu wa Geita?" Sauti ileile kabisa ikasema, "Dada, mimi ni Doto." Pacha wake. Nilijua kabla hajaendelea.

Tulikutana chuoni, Kulwa, wewe ukisoma uchukuzi, mimi miamba. Kazi ikakupeleka bandari kavu ya Isaka kupanga makontena, mimi ikanileta mgodini Geita. Picha ndizo zilizotushika pamoja. Mtu anatuma picha ya babu yake yuko stesheni, hakuna ndugu anayejua ni stesheni gani, nasi tunaanza: tenki la maji, paa, kivuli, mlima ulio nyuma.

Kila ujumbe wako wa sauti ulikuja na honi za malori. "Subiri kidogo, kuna dereva ananililia hapa. Baba, kontena lako halijapotea, limekaa nyuma ya mwenzake!" Halafu unarudi kwenye paa la bati kana kwamba hukuondoka.

Picha iliyotutesa kuliko zote ilitoka kwa Mama Limi wa Masumbwe. Mama yake mzazi yuko stesheni, anampa mumewe kibuyu cha maziwa dirishani mwa treni. Mume anakwenda kwenye mashamba ya mkonge. Hakurudi. Mama Limi alikuwa bado tumboni.

Macho ya Mama Limi sasa yanafifia. Alitwambia jambo moja tu: "Nataka kusimama pale waliposimama, nipaone kabla giza halijafunga."

Tulihangaika na picha ile. Nyuma yake kuna mlima wa mawe, na jiwe moja la juu limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Nikakwambia mlima huo haupo popote kati ya Tabora na Mwanza.

"Wewe umezoea mawe ya chini ya ardhi," ukanijibu. "Ya juu tuachie sisi wachunga ng'ombe."

Ukawapelekea wachungaji wenyewe. Mzee mmoja akaitazama sana, akasema, "Mlima huu naufahamu, ila wenyewe haunifahamu." Tulicheka wiki nzima. Kumbe alikuwa ametupa jibu.

Siku moja mchana ukanipigia, mdomo umejaa ugali.

"Angalia mkono."

"Mkono gani?"

"Wa mama yake Mama Limi. Anampa mumewe maziwa kwa kushoto. Mbele ya watu! Msukuma gani wa enzi zile angethubutu?"

"Labda alitumia mashoto kama wewe."

"Mimi natumia mashoto, na mpaka leo sijampa mtu kitu kwa mkono huu. Bibi aliufunga kwa kitambaa hadi nikakoma. Dada, picha imechapwa kinyume. Igeuze!"

Niliigeuza kwenye skrini. Ng'ombe akageuka, akanywa maji upande wa pili, na mimi nikaona mlima ninaoupita kila ninapokwenda Shinyanga mjini. Mwakabula, kituo kidogo ambapo siku hizi treni hailazimiki hata kupunguza mwendo. Simuni nikasikia: pa!

Ulimwahidi Mama Limi kwamba utampeleka mwenyewe, mvua zikipungua. Mvua zimepungua.

Makaburini nilikutupia udongo kwa mkono wa kushoto. Shangazi yenu alinikazia macho. Doto akaniona, akamwaga udongo wa kulia, akachota upya kwa kushoto.

Nilirudi Geita nikiwa nimeamua kuufunga ukurasa. Ndipo Mama Limi alipopiga simu kutoa pole. "Ng'wanone, safari usihangaike nayo. Ahadi ya marehemu huondoka naye."

Ng'wanone, mwanangu. Nikaomba ruhusa kazini.

Jana tulifika Mwakabula, mimi na yeye. Jukwaa limepasuka, mbuzi wamelala kwenye kivuli cha tenki. Nilimshika bega nikamweka pale mama yake aliposimama. Alihangaika kutazama, kichwa huku, kichwa kule, nikaanza kuogopa kwamba tumechelewa.

"Ng'ombe yule pale," akasema. "Anakunywa."

Akainua mkono wa kulia, polepole, kama anayempa mtu kitu dirishani. Akaushikilia hapo. Kisha akaushusha, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akasema, "Basi. Hiki nimekiona, hakuna wa kuninyang'anya."

Sikupiga kofi, Kulwa. Lile ni lako.

Nimeiweka picha ile hapa chini ikiwa imegeuzwa sawa, na jina la kituo, na jina lako kama mtu aliyekitambua.

Usingizi wako uwe mwema, mwenzangu. Ulipolala panajulikana, na tutapita kukusalimu kila tukienda Shinyanga.

Na ukurasa sikuufunga. Asubuhi hii nimempa Doto nafasi yako ya kuusimamia, naye amekwisha kufungua picha ya kwanza. Anasema tenki lile la maji analiona kama la stesheni ya Malampaka.