Mzee Shomari Arudi Jukwaani

Usiku ule wa kuamkia onyesho letu nililala na nguo za mchana, hata taa sikuizima. Kikundi chetu cha maigizo ni cha watu wa kawaida tu. Mimi nashona nguo sokoni, wengine ni manesi na makarani. Tulikuwa tumeandaa kichekesho cha bwana mwenye wivu anayejificha kabatini ili amfumanie mkewe, kisha mlango unagoma kufunguka. Bwana huyo alikuwa aigizwe na Mzee Shomari. Alipoanza kusahau maneno, mimi kama kiongozi nilimnyang'anya nafasi mbele ya wenzake wote. Alikunja karatasi zake, akaondoka. Hakupita muda mrefu tukamzika, nami sikuwa nimemwomba radhi.

Basi usingizini najiona ukumbini. Viti vimejaa, na hakuna anayecheka. Mara ukumbi si ukumbi tena, ni chumba cha Mzee Shomari, na lile kabati la jukwaani limesimama pale palipokuwa na kitanda chake. Mlango wake unatikisika. Naufungua.

Ni yeye. Kanenepa kidogo, kama alivyokuwa kabla ya kuugua, na usoni ana poda.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Nilikuaibisha."

Akatoka kabatini. "Uliniaibisha kweli, mwanangu. Nililia njiani."

Nataka kupiga magoti, lakini keshanishika kiwiko, na tumerudi jukwaani sijui kwa njia gani. Anaanza maneno ya yule bwana, na katikati anasahau. Anakuna kichwa. Anatazama dari. Anawauliza watazamaji, "Hivi mimi nina wivu na nani?" Ukumbi mzima unaangua kicheko, nami nacheka mpaka mbavu zinaniuma. Kiti kimoja tu cha mbele ni kitupu.

"Hicho cha Mwanaidi," akasema, naye hachekeshi tena. Mwanaidi ni mkewe. "Amekataa kuja. Mfuate mwenyewe, usitume mtu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie jina lake nimelikumbuka."

Nikaamka. Nje kulikuwa kumekucha, na machozi yalikuwa yamelowesha mto. Sikungoja chai. Nilijitanda khanga nikaenda, nikamkuta Bi Mwanaidi anafagia uwanja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu bila kuniangalia.

Nikamweleza yote, nikianza na kosa langu, mpaka nikafika kwenye ule ujumbe. Ufagio ukasimama.

"Siku zake za mwisho alikuwa ananiita dada," akasema taratibu. "Namlisha uji, ananiuliza mke wake yuko wapi."

Akaketi kizingitini akalia sana. Nikaketi kando yake. Jua lilikuwa limeshapanda alipojifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Mnaanza saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa kumi, bibi."

"Haya. Nisubiri nioge, twende wote."