Karasha Lililonguruma Msibani

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazoruka. Niliishia darasa la saba, na kalamu huniwia nzito kuliko sururu.

Nikinusa dizeli iliyochanganyika na vumbi la mawe, narudi Chunya, siku tuliyomzika mdogo wangu Tumaini. Kwetu kukiwa na msiba, makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huzimwa mpaka maziko yaishe. Siku ile yalizimwa yote isipokuwa moja, lililoendeshwa na Wamalawi watatu waliokuja kwa kibarua cha msimu.

Katekista alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, wala hatukuisikia sala. Bosi wa karasha lile, mtu wa Uyole, alikaa mbele kabisa, akajifuta machozi, akala ugali wetu.

“Wageni hawa hawana utu,” alisema akitikisa kichwa. Tukamwamini.

Masika yalipofika, homa ikamuua mmoja wao, Banda, yule mrefu. Wenzake wawili wakaja nyumbani, kofia mkononi.

“Mama, tunaomba majembe na watu wa kuchimba.”

Mama hakuacha kupepeta mchele. “Watu wa nini? Karasha si mnalo? Liambieni lichimbe.”

“Na likimaliza, liimbe!” akadakia baba mdogo. Watu wakacheka.

Walichimba wawili, udongo mgumu kama tofali, bila wimbo. Mimi nilitazama nikitafuna muwa, moyo umeshiba. Asiyezika wenzake hazikwi, bibi alikuwa akisema.

Nilipokua nikapata kibarua kwenye karasha lilelile. Siku moja jirani alifiwa, na mwendeshaji akanyoosha mkono azime. Bosi alikuwa anavaa koti lake jeusi.

“Mimi nakwenda kuzika,” alimwambia. “Wewe ukizima tu, kesho usirudi.”

Kumbe Banda naye aliambiwa hivyohivyo, na sisi tukamnyima hata mtu wa kumwimbia.

Hasira yangu haikupoa, ilihama tu. Bosi sasa amezeeka, anatembelea fimbo, anasalimia kila mlango kwa upole. Mimi ni mtu wa aibu, sijui kusema mbele za watu. Lakini nimepita nyumba kwa nyumba, nikamnong’oneza kila mwenye jembe maneno aliyoyasema.

Je, kwenu mtu wa namna hii mnamzika? Niandikieni upesi, maana kikohozi chake kimezidi.