Misemo ya Bwana Shauri na Njia ya Ng'ombe

Sekondari ilinipa vitu viwili nilivyovionea fahari: kaptura nyeupe na misemo ya Kiingereza. Misemo niliipenda zaidi. Mvua ikizidi, Mwingereza husema inanyesha paka na mbwa; nilirudi Singida na msemo huo nikakosa mvua ya kuutumia. Anayeondoa ugeni kwa mazungumzo kabla ya kusema shida yake, huyo wanasema anavunja barafu. Barafu yenyewe sikuwa nimeiona. Na anayezunguka asifike kwenye jambo, wanasema anapiga kandokando ya kichaka. Yote niliijua kwa moyo, pamoja na maana zake.

Kwa Kiingereza hicho Bwana Shauri, Mwingereza aliyetawala wilaya yetu, alinichukua niwe mkalimani wake. Siku moja tulikwenda upande wa Mgori, nyumbani kwetu, kwenye baraza la msitu. Serikali ilitaka kuufunga, na ndani yake ndimo ilimopita njia ya ng'ombe wetu kwenda majini. Wazee walikuwa wamemchagua baba yangu aombe njia hiyo iachwe wazi.

Baba alisimama na fimbo yake, akaanza kama inavyoanzwa kwetu. Aliuliza mgeni ameamkaje, watu wa kwao hawajambo, ng'ombe wa kwao wanatoa maziwa. Akaeleza mvua ya mwaka ule, nami nikitafsiri. Bwana Shauri akatazama saa yake, akaniambia kwa Kiingereza, "Mzee huyu anapiga kandokando ya kichaka."

Nilifurahi. Msemo wangu wa darasani ulikuwa umetoka kinywani mwa Mwingereza, na ni mimi peke yangu pale niliyeuelewa. Nikamgeukia baba, nikamwambia kwa Kinyaturu, "Mzee, acha kuzunguka. Sema unachotaka."

Kisha mama mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Kumbe Bwana Shauri ana mtoto huku." Wachache wakacheka, si kwa furaha.

Baba akaketi. Kwetu, mzee akikatizwa na mwanawe mbele ya watu haendelei, na hakuna mwingine wa kulichukua neno lake, mpaka mwana apige magoti palepale amwombe radhi. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Lakini kaptura ilikuwa nyeupe, na ardhi ilikuwa vumbi tupu.

"Anasema nini?" Bwana Shauri akauliza.

"Amemaliza, bwana."

Baraza likafungwa.

Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kumwambia kwamba mzee anavunja barafu. Msemo huo niliujua vilevile, na Mwingereza yule angeuelewa mara moja, akangoja. Sikuutoa.

Msitu ukafungwa. Ng'ombe wakawa wanazungushwa mbali kwenda kunywa, na kiangazi kile ndama wetu wengi walifia njiani. Baba hakunigombeza. Nilipokwenda nyumbani nikamwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, lakini hakuniuliza nimetembeaje wala kama nimekula. Alisema, "Haya, sema unachotaka."

Alinipokea hivyo mpaka alipokufa. Nilikuwa nasimama mlangoni, nikitafuta la kumwambia, na yeye akiningoja nimalize.