Kromosomu ya Ziada

Kazi yangu ilikuwa kukata kromosomu kwa mkasi. Usicheke. Miaka ile ya themanini hatukuwa na kompyuta. Tulipiga picha ya chembe ya damu kwenye darubini, tukaikuza, tukakata kromosomu moja moja na kuzibandika kwenye kadi, mbili mbili, tukifuata mchoro wa ukutani. Kila moja ina milia yake, kama soksi za timu, na ukishaizoea huulizi pacha wake ni yupi. Zote huwa arubaini na sita.

Mdogo wangu wa kike alikaa mtaa wa Jericho. Mtoto wake wa kwanza, msichana wa miezi minane, alikuwa mlegevu, shingo haijakaza, na mama mkwe wake alishaanza kusema kwao hakuna watoto wa namna hiyo. Daktari akaagiza damu ipimwe, ikaja mezani kwangu. Ningempa mwenzangu. Wapi! Nilitaka niwe wa kwanza kujua kwamba yuko sawa.

Nilibandika jozi zote, kikabaki kipande kimoja kidogo. Nikakilinganisha na mchoro: ya ishirini na moja. Na za ishirini na moja zilikuwa mbili tayari kwenye kadi. Sasa, ilikuwa kawaida vipande vya chembe jirani kuingia kwenye picha, nasi tulivitupa. Nikajiambia hiki nacho ni cha jirani, nikakifagia na takataka. Tulifundishwa kuhesabu chembe nyingi kabla ya kutoa jibu. Sikuhesabu nyingine hata moja. Niliogopa, huo ndio ukweli. Jioni nikapitia Jericho nikasema mtoto ni mzima. Mdogo wangu alipiga magoti palepale jikoni akamshukuru Mungu, kisha akaenda kuwaambia majirani mlango kwa mlango.

Wiki iliyofuata mkubwa wangu wa kazi alihesabu chembe ishirini. Zote zilikuwa na tatu za ishirini na moja. Alinirudishia kadi.

Nilimkuta mdogo wangu akianika nepi. Alinipa mtoto nimshike. Nikamweleza: kuna kromosomu moja ya ziada, haitoki, haina dawa, atakuwa hivi maisha yake yote. Nilidhani atapiga mayowe. Aliendelea kuanika.

"Dada, hiyo ya ziada, uliiona siku ile?"

"Niliiona."

Akaja akamchukua mtoto mikononi mwangu. Msichana yule aliishi miaka sita, na sikupewa kumshika tena.